Kaunta ya Mama Mkutubi: Kimbweta kiingie ndani

Kamwene, wasomaji wangu. Barua za mwezi huu ni nne na zote zinazunguka mti mmoja. Ya kwanza imenikalisha siku tatu, kwa hiyo nayo itakula kurasa. Wengine mnivumilie.

Shikamoo mama. Mimi ni mkutubi kwenye kampasi ndogo hapa Iringa. Tuko watatu, pamoja na mhudumu. Uongozi unataka maktaba yetu iwe na kile wanachokiita “laningi komonsi”, na yatupasa tuwe tayari wanafunzi wakifungua mwezi wa kumi. Tumepewa ukumbi wa chini na shilingi milioni 12. Mkuu anataka kompyuta 30. Mimi sijui hata kwa Kiswahili kitu hicho kinaitwaje, wala nianzie wapi. — Mkutubi, Iringa

Marahaba mwanangu. Kwenye barua za ofisi andika “ukumbi wa kujifunzia pamoja”, watakuelewa. Wanafunzi watauita watakavyo, na jina lao ndilo litakalobaki.

Jambo lenyewe lina umri. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilifungua ndani ya maktaba yake kuu chumba chenye kompyuta na watu wa kumsaidia mwanafunzi pale pale alipokaa. Mwaka 1994 wenzao wa Los Angeles wakajenga maktaba nzima ya wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa mtindo huo. Enzi hizo kompyuta ilikuwa mali adimu, mwanafunzi hana ya kwake, kwa hiyo kuzikusanya mahali pamoja kulikuwa na akili. Miaka ilivyokwenda wakaona watu wanaendelea kujaa hata baada ya kila mmoja kuwa na mashine yake begani. Kumbe walikuwa wanafuatana wao kwa wao. Ndipo jina lililokuwa “ukumbi wa habari” likatoka neno “habari” likaingia neno “kujifunza”. Mkuu wako, kwa heshima zote, ameagiza ukumbi wa mwaka 1992.

Sisi huku tunacho kitu hicho zamani, ila kipo nje na ni cha zege. Nasema vimbweta. Nenda chuo chochote nchini uone zile meza na benchi za saruji chini ya miti: watu sita, desa moja lenye kona zilizokunjika, mmoja anachora mchoro nyuma ya boksi la biskuti, mwingine anabisha, wa tatu anauliza lile swali ambalo darasani aliona aibu kuliuliza. Huko ndiko mtu anakoelewa somo. Dar es Salaam wanakaa hapo mpaka usiku wa manane na joto lao. Kwetu saa 1 jioni upepo ukishashuka, zege lile ni barafu. Halafu mvua zetu zikianza hazina mapumziko, ni kuanzia kama Desemba mpaka Aprili. Basi diskasheni inahamia gheto, watu sita juu ya kitanda cha futi nne. Kazi uliyopewa ni kukiingiza kimbweta ndani. Basi.

Kabla hujanunua hata msumari, hesabu. Wiki nzima, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni, zunguka na karatasi. Andika wangapi wamekaa peke yao, wangapi wamebanana kwenye meza ya mtu mmoja, wangapi wako sakafuni na kwa nini. Mimi nilipofanya hivyo kwenye chuo nilichokuwa (sikitaji, kilinilea), nilikuta watu 11 kwenye korido, wamejipanga ukutani kama kuku juu ya kichanja. Soketi mbili za pale ndizo pekee zilizokuwa nzima upande ule. Wakati huohuo chumba cha kompyuta, mashine 20, kilikuwa na watu watatu. Nyingine tulikuwa tumezifunika vitambaa vya kufuma kwa mkono, vyenye maua, kama redio ya sebuleni. Vitambaa hivyo nilivifuma mimi.

Kwa hiyo fungu la kwanza liende kwenye umeme. Chaja nyingi za leptopu zinakula wati 45 hadi 65. Watu 40 wakichomeka pamoja, hapo una wati 2,600. Plagi yetu ya pini tatu imepewa ampea 13. Kwa volti 230 inakomea chini kidogo ya wati 3,000. Ukisema utatumia ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni, na juu yake mtu akaleta birika la wati 2,000, usinitafute. Mwite fundi umeme mwenye leseni, apitishe waya mpya wenye mzunguko wake na swichi yake, soketi zifike kila ukuta na kila meza ya katikati. Rangi na mazulia vije baadaye. Kompyuta tano zinatosha, kwa wasio na leptopu na kwa kutafuta vitabu kwenye katalogi.

Sasa nikuambie nilipojikwaa. Tulitoa rafu zote za katikati tupate ukumbi mmoja mpana, mzuri wa kupigia picha. Vigae chini, kuta za saruji, dari ya jipsamu. Sauti ikawa inadunda kama mpira. Mtu akicheka mlangoni, aliyeko dirishani anageuka. Wiki ya pili wale vijana wa sheria, wasomaji wetu wa kimya kabisa, hawaonekani. Walikuwa wamehamia kanisani. Paroko alinikuta sokoni akaniambia, “Mama, umeniletea waumini wasiosali.”

Tukarudi nyuma. Tulizirudisha rafu na kuzipanga ziwe ukuta kati ya upande wa maneno na upande wa kimya, mgongo kwa mgongo, maana kitabu kinameza sauti kuliko tofali. Tukatundika mapazia mazito. Kelele iliyokuwa mbaya zaidi ilikuwa ya viti vikiburutwa kwenye vigae, na hiyo haikuhitaji bajeti: mhudumu wetu alikusanya ndala kuukuu, akazikata vipande kama vya maandazi madogo, akazigundisha chini ya kila mguu wa kiti. Viti 60, miguu 240. Alimaliza kwa siku mbili na ukumbi ukatulia. Chumba cha kimya usikiguse wala usikipunguze. Ukumbi wa kuongea unaishi kwa sababu kuna mahali pengine pa kunyamaza.

Onyo dogo hapo: kuhamisha rafu chini ni salama, ghorofani siyo. Mita moja ya vitabu inapita kilo 20 kirahisi, na sakafu iliyosanifiwa kwa meza na watu haikusanifiwa kwa rafu zilizobanana. Kabla ya kuzikusanya juu, mhandisi aseme neno.

Nafasi utaipata wapi? Kwenye vitabu visivyosomwa. Najua unaogopa, kila mkutubi anaogopa, tumefundishwa kwamba kitabu hakitupwi. Lakini fungua nyuma utazame karatasi ya tarehe za kuazimwa. Mimi nilikuta nakala tisa za mwongozo wa Windows 95 na rafu nzima ya sheria za kodi za Marekani, zote msaada, zote na mhuri wetu, hakuna hata tarehe moja. Tengeneza orodha, ipitishe kwa wahadhiri wa idara husika, kamati ikae, uongozi utie saini, vigongwe mhuri wa kuondolewa. Usifanye kimyakimya usiku. Kuna siku nilinunua karanga stendi nikafungiwa kwenye ukurasa wenye mhuri wa maktaba yangu mwenyewe, na sikuwa nimesaini chochote.

Kwenye intaneti nitapita haraka. Ulizia kama chuo chenu kimejiandikisha Research4Life, mpango wa kusoma majarida ya kitaaluma mtandaoni, ulioanza na ya afya mwaka 2002, baadaye ukaongeza kilimo, mazingira, teknolojia na sheria. Tanzania imo kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake zinaingia bure. Mara nyingi chuo kimejiandikisha zamani na nywila imelala kwenye droo ya mtu aliyestaafu. Itafute. Pia pakua Wikipedia kwa programu ya Kiwix. Ile ya Kiingereza nzima na picha zake ni giga 100 na ushee, inakaa kwenye diski moja, na inasomeka hata vifurushi vikiisha. Rauta yenyewe inakula wati 10 hivi, kwa hiyo betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 7 itaishikilia saa kadhaa umeme ukikatika. Na kama katalogi yenu bado ni kadi, chukueni Koha, programu ya kuendeshea maktaba. Ilitengenezwa New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000, haiuzwi. Hata jina lake kwa Kimaori maana yake ni zawadi.

Nimeacha watu mpaka sasa, na watu ndio ukumbi. Mko watatu, hamtaweza kufundisha takwimu. Mwaka 1973, kwenye Chuo Kikuu cha Missouri mjini Kansas City, mama mmoja aitwaye Deanna Martin alianzisha utaratibu ambao naupenda mno. Badala ya kuwatafuta wanafunzi dhaifu, walitafuta somo gumu, lile linaloangusha wengi. Wakamchukua mwanafunzi aliyelipita vizuri, akawa anarudi kukaa darasani na wenzake wapya, halafu kila wiki anaongoza kikao nje ya kipindi. Anayekuja ni yeyote. Umeona ujanja wake? Hakuna anayeonekana kilaza kwa kuhudhuria, kwa sababu somo ndilo lililotajwa kuwa na tatizo. Mwombe mratibu wa taaluma akupe masomo mawili tu yenye sup nyingi, yaani mitihani ya kurudia. Tafuta vijana wanne wa mwaka wa tatu, wape meza yao, kibao chenye jina la somo na saa zao. Walipwe. Hata kama ni kidogo, walipwe kwa saini kila mwezi, usiwaambie wanajitolea. Wa kujitolea anatoweka bumu, ile fedha ya mkopo, likitoka.

Shikamoo mama mkutubi. Nasoma mwaka wa pili Mbeya. Maktaba yetu tunaacha mabegi nje, sasa leptopu nibebe mkononi na chaja nivae shingoni. Nikiongea naambiwa nitoke. Nikienda na chupa ya chai naambiwa nitoke. Na baridi hii ya mwezi wa sita! Mnataka tusome au mnataka tuvilinde viti? — Mwanafunzi, Mbeya

Marahaba. Umeandika kwa hasira lakini umeandika vizuri.

Begi lilianza kuzuiwa kwa sababu ya wizi, na wizi upo. Nimewahi kumkuta kijana wa watu ana sura mbili za biolojia kwenye soksi, zimechanwa kwa wembe. Ila begi halikuwa na hatia, wembe ulikuwa mfukoni. Siku hizi busara ni kuruhusu mabegi kwenye ukumbi wa kuongea, ambako hakuna vitabu vya akiba, na kukagua mtu anapotoka. Andikeni barua moja kupitia serikali ya wanafunzi, muombe hilo tu. Msiorodheshe madai kumi, mtajibiwa la kumi.

Chai mimi niko nusu na wewe. Yenye kifuniko cha kukaza, ndiyo. Andazi, hapana, na sitabadilika. Chembe zinaita panya, na panya akishamaliza chembe anahamia kwenye gundi ya vitabu. Nimefungua kitabu cha anatomia nikakuta kiota chenye watoto watano, wekundu, macho hawajafungua. Kula nje ukung'ute nguo.

Kuongea, soma jibu la juu. Kama ukumbi wenu ni mmoja na haugawanyiki, pendekezeni saa: asubuhi kimya, kuanzia saa 9 alasiri maneno. Haipendezi kama vyumba viwili, lakini mmeanza.

Mama, nimefundisha miaka 22. Naona sasa maktaba zinageuzwa vijiwe. Watoto wanacheka, wanavaa spika masikioni, wanasema wanajifunza. Sisi tulisoma kwa kunyamaza. Je, hamuogopi kwamba kitabu kitakosa mwenyewe? — Mhadhiri, Iringa

Mwalimu wangu, mimi pia nilisoma kwa kunyamaza, na nilipokwama nilinyamaza vilevile. Nilirudia mtihani wa takwimu kwa sababu hiyo.

Huko Hereford, Uingereza, kanisa kuu lao bado linayo maktaba ya vitabu vilivyofungwa minyororo, kila kimoja na mnyororo wake kwenye rafu. Walikuwa na sababu nzuri, kitabu kimoja kilikuwa mali ya kutisha. Nina hakika siku mnyororo wa mwisho unaachwa kutumika, yupo mzee aliyeuliza swali lako. Simcheki. Mnyororo ulizuia kitu cha kweli, na kimya nacho kinalinda kitu cha kweli, ndiyo maana nimemwambia yule binti wa barua ya kwanza asikiguse chumba chake.

Ila nikuombe moja. Kazi ya kikundi unaitoa wewe. Wahadhiri wa siku hizi wote mnaitoa, watu watano, kurasa kumi, wasilisho Ijumaa. Wakaifanyie wapi? Ukishanipa jibu hilo tutaendelea na mjadala. Au njoo mwenyewe: hamisha saa yako moja ya kuonana na wanafunzi kutoka ofisini, ukae kwenye meza ya ukumbi. Wale ambao hawajawahi kugonga mlango wako watakuja, wakijifanya wanapita.

Kaunta hiyo inaruhusu na sisi wa mbao? Mimi ni fundi seremala, Mafinga. Chuo kimoja kimenipa kazi ya meza 12 za maktaba na hawajaniambia vipimo, wamesema “za watu wanne, za kisasa”. Niwatengenezee vipi? — Fundi

Karibu sana fundi, wewe ndiye umeuliza swali ninaloweza kulijibu kwa futi kamba.

Mtu mwenye leptopu na daftari anahitaji futi mbili na nusu za kukaa na futi mbili za kwenda mbele. Watu wanne, wawili wawili wakitazamana, hiyo ni futi 5 kwa 4. Usipunguze ili kubana mbao, watagongana viwiko. Kwenda juu inchi 29, kiti inchi 17 na nusu hivi. Kuna mafundi wanaweka ubao mpana wa urembo chini ya meza. Pima kutoka kiti mpaka hapo zibaki angalau inchi 7 kwenda juu, la sivyo mapaja hayaingii na meza inageuka pambo. Katikati toboa tundu la kupitishia waya, upana wa kutosha plagi nzima kupita. Sio waya, plagi. Kosa hilo nimelikuta kwenye meza nane.

Meza moja kati ya hizo 12 usiiwekee kizuizi chochote upande mmoja: inchi 27 wazi chini na upana wa inchi 32, ili kiti cha magurudumu kiingie. Hawatakuagiza. Iweke tu, halafu waambie ipi, isije ikasukumwa pembeni kabisa nyuma ya nguzo.

Mbao. Nyie mko kwenye msitu wa Sao Hill, paini ipo tele mlangoni, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu inauzwa mbichi. Meza ya paini mbichi ikifika ndani ya ukumbi inaanza kukauka upya, inajikunja, maungio yanaachia, na ikifika mwezi wa tisa penseli inapita kati ya ubao na ubao. Kama kuna mwenye tanuru la kukaushia, lipia. Sema unataka unyevu wa asilimia 12 hivi. Kama hakuna, panga kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao upepo upite, na uanze leo maana itachukua miezi. Mkaratusi usiutie kwenye uso wa meza, unapinda wenyewe hata ukiutazama. Vanishi iwe ya kufifia, ising'ae. Taa ikimulika kwenye meza inayong'aa, macho yanaumia.

Bei sitakupangia. Ila andikishaneni, na uchukue malipo ya awali yanayotosha mbao zote, siyo nusu. Vyuo hulipa, lakini hulipa mwendo wa kinyonga, na mwenye mbao hatakusubiri.